Mwakilishi Asiyekuja Mazikoni

Habari ya msiba huu niliipata kwa simu, nikiwa Darajani nachagua mbatata, na aliyenipigia hakumtaja marehemu kwa jina wala kwa ubini wake. Alisema, "Yule mwakilishi asiyekuja mazikoni, naye kafa. Anazikwa leo adhuhuri, kwao shamba. Utakwenda?" Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikaziacha mbatata juu ya meza ya watu, na mpaka sasa ninapokaa kuandika safu hii sijui nimekasirishwa zaidi na nini: na mauti, ambayo hayana mjadala, au na lile jina. Mtu kasomesha watoto wa watu sehemu kubwa ya umri wake, kakaa Barazani muhula mzima akitutungia sheria, kaondoka madarakani bila kumnyang'anya mtu hata shubiri ya kiwanja, halafu siku anapoiaga dunia anatambulishwa kwa maziko ambayo hakuyahudhuria. Wasomaji wangu wa kila wiki mnajua kuwa mimi si mtu wa kupaza sauti. Leo nitapaza, na atakayeona nampigia yeye kelele, huenda kweli nampigia yeye.

Hatukuwa chanda na pete, mimi na yeye. Tulijuana kwa ajili ya ugonjwa. Daktari alitwambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba sukari haishuki kwa dawa peke yake, lazima tutembee. Na mtu mzima wa Mji Mkongwe akiambiwa atembee, atakwenda wapi kama si Forodhani? Baada ya sala ya alfajiri bustani ile haina moshi wa mishikaki wala kelele za wauza juisi ya miwa. Kuna paka, kuna majivu ya makaa ya jana, na kuna wazee wenye sukari. Yeye alikuwa mwakilishi wa jimbo moja la kusini mashariki mwa Unguja, na vikao vilipokuwa vikiendelea alilala kwa binti yake huku mjini kabla ya kwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Alikuwa akitembea huku akisema peke yake. Mwanzo nilidhani anavuta uradi. Nilipomkaribia nikasikia, "Mheshimiwa Mwenyekiti, katika kifungu hiki, baada ya neno mkutano..." Nikamwambia, "Shekhe, wenzio saa hizi wanamtaja Mungu." Akanijibu bila kusimama, "Mungu nshamtaja msikitini, kashanisikia. Hawa ndo hawasikii mpaka urudie." Tangu siku hiyo tukawa tunatembea pamoja, yeye akirudia vifungu vyake, mimi nikijitia kuwa Mwenyekiti na kumkatisha kila alipokolea. Aliniita Bwana Magazeti. Mimi nilimwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo walivyomwita kwao kabla hawajapata jina jingine la kumpa.

Kifungu alichokuwa akikirudia kilihusu bamvua, na hapa nitaeleza kidogo, maana sisi wa mjini tumeshasahau kuwa tunakaa kisiwani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hujaa sana na kupwa sana. Hizo ndizo siku za bamvua. Kwenye saa nne za asubuhi maji hukimbilia huko kwenye mwamba, na kinamama wa pwani ya mashariki huteremka wote kwenda kufunga na kuvuna mwani. Ukiikuta nyumba ina mwanamke mzima saa hizo, basi ni mgonjwa au kajifungua juzi. Zikija siku za maji mafu, asubuhi bahari huwa imejaa na kutulia, nao huwa majumbani wakianika na kutayarisha kamba. Hayo mtoto wa pwani anayajua kabla hajajua kuvaa viatu. Asiyeyajua, au pengine anayeyajua zaidi kuliko wote, ni mtu wa ofisini anayeitisha mkutano wa kijiji kuwauliza wananchi kama wanaridhia ufukwe wao apewe mwekezaji. Mkutano huitwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua. Wanaume waliopo hukaa kivulini, huulizwa kama kuna mwenye pingamizi, kimya, na huandikwa kwamba wananchi wameridhia. Wenye pwani yao wako majini, migongo imeinama, hawana habari kama wameridhia.

Mwalimu mwenyewe aliwahi kukaa katika mkutano wa namna hiyo, siku hizo akiwa bado na chaki mkononi. Alinisimulia tukizunguka karibu na ile mizinga ya zamani, na ndiyo mara pekee niliyomwona akisimama katikati ya matembezi. Walipoulizwa kama kuna anayepinga alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona watu wametulia, akatulia naye. Dada yake, ambaye amelima mwani tangu ujana wake, akapanda kutoka pwani na gunia kichwani, akakuta vigingi vimekitwa. Akamwuliza, "Kaka, ulikuwapo?" Akajibu alikuwapo. "Na mkaulizwa?" Akajibu waliulizwa. "Sasa nyote mlokuwapo pale, hakuna hata mmoja alogeuka akatazama bahari?" Mwalimu aliniambia swali hilo ndilo lililomtia katika siasa. Pwani ile ya kwanza ilikwisha kwenda. Leo ina ukuta na mlinzi, na mlinzi mwenyewe ni mtoto wa kijiji anayewafukuza shangazi zake. Kilichobaki ni kipande cha pili, ambako dada yake na wenzake walihamishia kamba zao. Hicho ndicho alichotaka kukilinda, na njia pekee aliyoiona ni kuliingiza bamvua katika sheria.

Nilikuwapo Chukwani siku marekebisho yake yalipofikiwa. Ilikuwa siku ya mwisho ya kikao, waheshimiwa wamechoka, mabegi yamefungwa, kila mtu jicho kwenye saa ya ukutani. Kabla hawajaingia nilimkuta nje ya ukumbi ameshika simu, uso umemsawijika. Kijijini kwao alikuwa amefariki mzee aliyewasomesha Kurani takriban watu wote wa kijiji, Mwalimu akiwa mmoja wao. Maziko alasiri. "Nikiondoka saa hizi nnawahi," aliniambia. "Lakini nikiondoka, kifungu kinaanguka. Mwenye hoja asipokuwapo, hoja haipo." Nikamwuliza atafanyaje. Akazima simu, akapangusa macho kwa kanzu yake, akaingia ndani.

Aliposimama na kutamka neno bamvua, ukumbi uliangua kicheko. Mmoja aliuliza kama kuanzia leo sheria zetu zitatiwa saini na mwezi. Mwingine akashauri pweza nao waitwe kutoa maoni. Mwalimu aliwaacha wacheke mpaka walipomaliza, kisha akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mwenzangu maji anayoyajua ni ya bombani, na hata hayo siku hizi yanakupwa." Wakacheka tena, mara hii pamoja naye, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichompitishia hoja, kwa sababu mtu ukishacheka na mwenzio huona uzito kumkatalia. Yakaingia maneno machache tu: kwamba mkutano wa kuwauliza wananchi habari ya ufukwe wao usifanywe siku za bamvua, na ukifanywa, usihesabiwe kuwa ni mkutano. Niliiandika habari ile jioni hiyo hiyo. Mhariri wangu aliikata, akaweka picha ya waheshimiwa wakipungiana mikono ya kwaheri.

Alipofika kijijini, kaburi lilikuwa limekwisha kumwagiwa maji na watu wametawanyika. Alisoma Fatiha peke yake. Alipokwenda kutoa mkono wa pole, walimpa ncha za vidole, na hakuna aliyesogea kumpisha mkekani. Tangu hapo neno likawa moja: hatuzikani naye. Mnaotujua mnajua uzito wa neno hilo kwetu. Ndugu mnaweza kugombana, mkanyimana chumvi, mkapishana njiani kila mtu kageuza uso, lakini akifa mmoja mwingine atakuja kushika jeneza. Asiyekuja ndiye aliyekatika. Alijaribu kuwaeleza. Katika mkutano wake mmoja wa kuomba kura, nami nikiwapo, alianza kusimulia habari ya kifungu, mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Kifungu kinazika?" Watu wakacheka mpaka wakapigana mabega. Mpinzani wake hakuwa na haja ya kueleza atatunga sheria gani. Alikuja na turubai lake, viti vyake na masufuria yake, na hakukosa maziko hata ya mtu asiyemjua, siku zote akishika jeneza upande wa mbele, ule wenye kamera. Wakampa kiti.

Sisemi maziko si kitu, Mungu aniepushe. Mimi mwenyewe nimezika wengi na nataraji kuzikwa. Lakini sote tumesoma, na waliosoma kwa yule yule mzee wamesoma zaidi, kwamba kumzika Muislamu ni faradhi ya kutoshelezana: wakisimama wa kutosha, waliobaki wamesamehewa. Mzee yule alizikwa na kijiji kizima. Jeneza lilipokezanwa na watu mpaka wengine hawakulifikia. Barazani siku hiyo mtu aliyejua bamvua ni nini, na aliyekuwa tayari kuchekwa kwa ajili yake, alikuwa mmoja. Angeondoka yeye, hakuna wa kumpokea. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu, na inaniuma kwamba watu wanaojua fikihi ya maiti hatua kwa hatua walishindwa kuifanya. Inaniuma zaidi kwamba hawakushindwa, hawakutaka. Kumchukia aliyekosa maziko ni kazi nyepesi kuliko kusoma sheria.

Siku ya tatu baada ya kumzika Mwalimu tulikaa mikekani nje ya nyumba yake kijijini kwa hitma, kinamama wakiwa ndani na uani. Juzuu zilikuwa zimekusanywa na masinia bado hayajatoka, ndipo mwakilishi wa sasa alipoomba kipaza sauti. Alianza kwa kusema kuwa marehemu alikuwa mtu wa watu, yeye aliyempokonya kiti kwa kunadi kijiji hadi kijiji kwamba si mtu wa watu. Kisha, kwa kuwa Baraza linakaribia kuvunjwa na uchaguzi uko mlangoni, akaona si vibaya kutupitisha katika mafanikio yake ya muhula huu. Alitutajia mabati ya madrasa. Akataja jezi za mpira, akataja majiko ya gesi, akataja gari la kubebea maiti, na hilo alilitaja mara mbili huku akilionyesha kwa kidole, maana lilikuwa limeegeshwa palepale, jina lake ubavuni kwa herufi ambazo marehemu mtarajiwa hata akiwa hana miwani atazisoma. Nilisubiri. Mtu amekaa muhula mzima katika nyumba ya kutungia sheria, nikasema labda sheria ameziweka mwisho. Hakutaja hata moja. Nikageuka kutazama nyuso za wenzangu mkekani, nikaona hakuna aliyeona ajabu. Waliokuwa karibu nami walikuwa wakitikisa vichwa kwa kuridhika.

Akamaliza kwa tangazo. Ile pwani iliyobaki imepata mwekezaji, alisema, na kwa kuwa serikali ni sikivu, wananchi wataulizwa: mkutano utakuwa Jumatano ijayo, saa nne asubuhi.

"Jumatano bamvua, mheshimiwa."

Sauti ilitoka dirishani. Alikuwa dada yake Mwalimu, na ilikuwa sauti ya mtu aliyelia siku tatu, nyembamba, lakini uwanja mzima uliisikia. Mheshimiwa akatabasamu kuelekea dirishani. "Basi, mama yangu, watakaojaaliwa kuja watakuja. Na wasiojaaliwa, mimi si nipo? Ntawawakilisha."

"Haiwi. Sheria imekataa."

"Sheria ipi, mama?"

Jamani, sheria ipi! Nimeandika safu hii miaka mingi na nimesikia maneno mengi yakitoka vinywani mwa wakubwa, ya kipuuzi na ya kikatili, lakini sikumbuki neno lililonipandisha damu kama hilo. Hakuuliza kwa kejeli. Laiti angeuliza kwa kejeli! Aliuliza kwa sababu hakuwa akijua. Amelipwa, ameitwa mheshimiwa, amefunguliwa milango ya gari, ameapa juu ya Msahafu kwamba ataziheshimu sheria za nchi, na mama mlima mwani ndiye anayemwambia kutoka dirishani kuwa kuna sheria. Dada yake Mwalimu akamjibu, "Ya huyo mlokuja kumsomea." Sheha, msimamizi wa serikali pale kijijini, ambaye muda wote alikuwa akiutazama mkeka, akakohoa na kusema taratibu, "Ipo, mheshimiwa. Nshaiona kwa macho yangu." Mheshimiwa akasema basi wataalamu wataiangalia tarehe. Masinia yakatoka. Tulikula, na gari la maiti likaondoka mbele ya msafara wake.

Jumatano ile ya bamvua hapakuwa na mkutano. Uliitwa wiki iliyofuata, siku za maji mafu, na nilikwenda kwa makusudi. Bahari ilikuwa imejaa na kutulia, na kinamama walikuwa wamejaa kuliko bahari. Walikalia viti vya mbele, vile ambavyo wanaume walizoea kuvikalia, na waliochelewa walisimama. Mtu wa ofisini aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuliza na kuendelea. Ikapanda mikono iliyochubuliwa na kamba za mwani. Dada yake Mwalimu ndiye aliyesema kwa niaba yao, na hakusema mengi: kwamba walishatoa pwani moja bila kuulizwa, na hii hawatoi. Ikabidi iandikwe hivyo, kwamba wananchi hawakuridhia. Sijui mwisho wake utakuwaje. Mwenye fedha hachoki upesi, na mheshimiwa wetu naye hajachoka kuzika. Lakini walioulizwa ni wale waliostahili kuulizwa, na pwani ile mpaka ninapoandika haina kigingi.

Nikiwa naondoka alinifuata mtu mmoja wa makamo, nikamtambua. Alikuwa yule aliyepiga kelele kutoka nyuma siku ile ya kuomba kura. Akaniuliza, "Kumbe siku ya maziko ya maalimu wetu wa Kurani, kule mjini ndo alikuwa akilifanya hili?" Nikamwambia ndilo. Akasema, "Sasa si angetwambia." Nilishika kitasa cha mlango wa gari kwa nguvu ili nisimjibu nisilopaswa. Angetuambia! Alituambia, bwana we. Alisimama mbele yetu akatuambia, na sisi tukamwuliza kama kifungu kinazika, tukacheka.

Alipokwisha kushindwa, Mwalimu aliendelea kuja Forodhani kila alipokuwa mjini. Hakuwa tena akisema peke yake. Alitembea kimya kama wazee wengine. Siku moja nilimchokoza kwa hasira, nikamwambia amepoteza kiti, amepoteza jina, amepoteza na watu wake, kwa maneno ambayo hata pweza hawajayasikia. Akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi mzito. "Bwana Magazeti," akasema, "maadamu bamvua limo sheriani, limo." Nilidhani anajiliwaza. Sikujua kuwa anahesabu mafanikio yake, na kwamba orodha ilikuwa imeishia hapo.

Uchaguzi unakuja, na kuanzia wiki hii watatuzunguka kutusomea waliyoyafanya. Watatuletea mabati, nanyi myapokee, mvua haina chama. Lakini atakayejisifu kwamba hakukosa maziko yetu, mwambieni kwamba kisiwa hiki hakijawahi kukosa wachimba kaburi, na kila mmoja wetu atazikwa, awe na mwakilishi au asiwe naye. Muulizeni siku ya mwisho ya kikao, wenzake walipokuwa wakifunga mabegi, yeye alikuwa amesimama kusema nini. Wa kutuzika tunao, tena wengi. Wa kutusemea tukiwa tungali hai, tumeinama majini, hatujui hata kama tumeulizwa, tulipata mmoja, tukamnyima mkeka.